Baraza la mtaa lianzie ngamani mwa jahazi

 



Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la kidunia tu, lisilo na nafasi katika ukurasa wa Ijumaa. Nalo ni jambo la wakaazi wa mtaa mmoja kukaa pamoja, wakaunda baraza lao, wakashauriana juu ya maji na taka, nyumba zinazotishia kuanguka, malezi ya vijana na haki za majirani. Tutalizungumza kwa kuutazama Mji Mkongwe wa Unguja, kwa sababu katika mji huo jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, na kwa sababu Uislamu umelisemea wazi kabla sisi hatujazaliwa.

Wanahistoria wanatueleza kwamba mji huu ulianza kama kijiji cha wavuvi katika rasi ya Shangani. Kabla ya majumba ya ghorofa na milango ya nakshi, hapo palikuwa na vibanda, nyavu zilizoanikwa na vyombo vilivyopandishwa pwani. Ngome Kongwe ilijengwa baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Katika miaka ya 1830 na 1840 Sayyid Said bin Sultan akauhamishia Unguja utawala wake kutoka Maskati, na kijiji kikageuka bandari iliyojulikana toka Bara Hindi hadi Ulaya na Marekani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Leo ukisimama pwani ya Shangani, vyombo vingi utakavyoviona vinangojea wageni wa kupelekwa Changuu na visiwa vingine. Uvuvi umehamia upande wa Malindi, kwenye diko na soko la samaki, na asubuhi ndiko zinakosikika sauti za mnada.

Hatusemi haya kwa kusikitikia zama zilizopita. Miji hubadilika, na riziki ina njia nyingi. Tunachouliza ni hiki: kijiji cha wavuvi kilikuwa na utaratibu wake wa kushauriana. Je, mji uliokirithi kijiji hicho umebaki na nini?

Wakulima na wavuvi wa Unguja walikuwa na watu wao wa kuwarejea. Katika miji ya asili ya kusini na mashariki ya kisiwa, mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa wazee waliojulikana kwa jina la watu wanne, ambao hawakuamua peke yao bila ya kusikiliza koo na nyumba. Hata jina la sheha tunalolitumia leo ni kongwe. Lilikuwapo zama za Mwinyi Mkuu, ambaye kasri lake lilikuwa Dunga, na masheha ndio waliokuwa kiungo baina yake na vijiji. Huko pwani, ambako bahari haina mipaka iliyochorwa kwa wino, watu walikubaliana wapi patupwe nyavu, wapi paachwe na nani aanze. Aliyevunja makubaliano alikutana na uso wa jirani yake kila alfajiri. Huo peke yake ulikuwa ulinzi.

Mji Mkongwe nao ulijengewa mahali pa kushauriana, tena kwa mawe. Zile baraza zilizopo nje ya nyumba, mbele ya milango, hazikuwekwa kwa pambo. Ndipo mwenye nyumba alipompokea mgeni asiyeingia ndani, ndipo wazee walipokaa baada ya sala ya Alasiri, ndipo ugomvi ulipotulizwa kabla haujafika kwa kadhi. Hata msikiti mmoja mashuhuri wa mji huu unaitwa Msikiti Barza. Lugha yetu yenyewe imelipa jina moja jiwe la kukalia na mkutano wa watu. Ni kama kwamba wazee wetu walijua kuwa watu hawawezi kushauriana bila ya kwanza kukaa.

Sasa tumrejee Mola wetu. Katika Suratu Shuura, aya ya 38, Allah (S.W.) anawasifu waumini kwa sifa kadhaa zilizofuatana: kwamba wamemuitikia Mola wao, wamesimamisha sala, mambo yao huyaamua kwa kushauriana, na hutoa katika vile walivyoruzukiwa. Tazama, ndugu Muislamu, mahali ilipowekwa sifa ya kushauriana. Imewekwa baina ya sala na kutoa. Hakuna miongoni mwetu anayesema kwamba sala ni ya hiari, wala kwamba kutoa ni kazi ya watu wakubwa peke yao. Vipi basi hili la katikati tumelifanya ni la viongozi tu, na sisi wengine tumebaki na kulalamika vibarazani?

Na somo la Uhud lina ajabu zaidi. Mtume (S.A.W.) aliwashauri masahaba zake. Rai yake mwenyewe ilikuwa wabaki ndani ya Madina wajilinde humo. Wengi, hasa vijana waliokosa kushiriki Badri, wakapendelea kutoka. Akatoka nao. Yaliyotokea tunayajua: wapiga mishale waliacha mlima, na masahaba wapatao sabini wakauawa. Mtu wa kawaida angesema kuanzia leo sishauriani tena na watu hawa. Lakini Suratu Aal Imran, katika aya ya 159 iliyoteremka baada ya msiba ule, inamwamuru Mtume awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kuwashauri katika mambo. Yaani kushauriana hakukufutwa kwa sababu mara moja watu walipendekeza lililoleta maumivu. Wako miongoni mwetu wanaosema: "Tuliwahi kuwa na kamati hapa mtaani, ikafa, watu wetu hawafai." Na wasome aya hiyo.

Lakini kuwa na baraza ni jambo moja, na kuwa na baraza lenye haki ni jambo jingine. Hapa ndipo lilipo lengo la tahariri hii. Ameipokea Imamu Bukhari, kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.), Hadithi ambayo kila mtoto wa bandarini angepaswa kuihifadhi. Mtume (S.A.W.) aliwapigia mfano wanaosimama katika mipaka ya Allah na wanaoivunja kwa watu waliopiga kura ndani ya jahazi. Wengine wakapata tabaka la juu, wengine la chini. Wale wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wale wa juu. Wakasema: lau tungetoboa tundu katika sehemu yetu, tusiwaudhi walio juu yetu. Wakiachwa wafanye watakavyo, wote wataangamia. Wakizuiwa, wataokoka wao na wataokoka wote.

Mara nyingi Hadithi hii husomwa kwa kuwalaumu wa chini, na ni kweli kwamba kosa lao lingezamisha chombo. Lakini tuisome tena taratibu. Wale watu hawakuwa na nia ya kuzamisha jahazi. Walikuwa na kiu. Tena walikuwa na aibu: hawakutaka kuwaudhi wa juu kwa kupita pita. Waliona kero waliyokuwa wakiwapa wenzao, wakatafuta njia ya kuiondoa, na hawakuwa na mahali pa kulisema jambo hilo wakalitafutia ufumbuzi pamoja. Lau wa juu wangewauliza mapema, "Ndugu zetu, mnapataje maji?", shoka lisingeshikwa. Nahodha mwenye busara hasubiri kelele. Huteremka ngamani, kule chini ya chombo yanakokusanyika maji, akatazama mwenyewe, kwani chombo hakianzi kuzama kwenye tanga.

Anayeishi Mji Mkongwe haoni mfano huu kuwa wa mbali. Majumba yetu ndiyo majahazi yale. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana upana wa vyumba vingi ukafuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hii hupumua. Hunywa unyevu na kuutoa. Ukiwekewa bomba linalovuja ndani yake, au ukipigwa lipu ya saruji isiyoruhusu unyevu kutoka, maji hubaki ndani, chokaa ikalegea na ncha za boriti zikaoza mahali zinapoingia ukutani. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja leo pengine inakaliwa na familia kadhaa. Wa juu anaweka tangi darini, wa chini anavuta bomba lake ukutani, wa katikati anaongeza choo. Hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mmoja ametoboa katika sehemu yake.

Tena nyumba hizi hazina mwenyewe wa aina moja. Ziko za Serikali, ziko za watu binafsi, na ziko za wakfu, ambazo waliozitoa walitarajia thawabu isiyokatika, na ambazo leo zimo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpangaji wa nyumba ya wakfu, jirani yake wa nyumba ya Serikali na mwenye hoteli ya kando huenda wanategemeana ukuta mmoja, na kila mmoja ana ofisi yake ya kwenda kulalamika. Ukuta hauna ofisi. Ukuta una wao watatu tu, na wao watatu huenda hawajawahi kukaa pamoja hata siku moja.

Tumeona matokeo. Beit al Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ilikuwa fahari ya pwani nzima. Mwaka 2012 sehemu yake ilimomonyoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na watu wawili wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Hatulitaji tukio hili kwa kumnyooshea mtu kidole. Tunalitaja ili tujiulize: ikiwa jumba lililojulikana na dunia nzima, lililokuwa machoni pa kila apitaye Forodhani, liliweza kuanguka, itakuwaje nyumba iliyomo ndani ya kichochoro cha Kiponda au Malindi, isiyojulikana na yeyote ila wanaolala ndani yake? Macho ya nyumba hiyo ni majirani zake. Na mdomo wake ni baraza la mtaa, kama lipo.

Hapo ndipo tunapowanasihi wakaazi wa Shangani, Malindi, Kiponda, Mkunazini na mitaa mingine: undeni mabaraza yenu, na yaanzeni kutoka ngamani. Baraza litakaloanzishwa na wenye nyumba peke yao litazungumza kodi. Litakaloanzishwa na wenye hoteli peke yao litazungumza usafi wa njia wanazopita wageni. Litakaloanzishwa na wazee peke yao litazungumza tabia za vijana. Yote hayo ni mambo ya kuzungumzwa, lakini hayo ni maneno ya tabaka la juu. Mpangaji wa chumba kimoja, mama anayechota maji kisimani bomba linapokauka, kijana mvuvi anayerudi alfajiri na hana pa kuegesha chombo chake, mchukuzi wa Darajani, hawa ndio wanaojua mahali jahazi linapovuja. Wakikosekana katika kikao cha kwanza, huenda wasije katika cha kumi.

Wako watakaouliza: kuna haja gani ya baraza, na Sheha yupo? Swali ni la haki na tulijibu kwa uwazi. Sheha ni mtendaji wa Serikali katika shehia. Huteuliwa, hapigiwi kura, na sheria za tawala za mikoa, ya mwaka 1998 na ile ya mwaka 2014, zimemwekea watu wa kumshauri. Wadi nayo ina diwani wake katika manispaa. Hatusemi mabaraza ya wakaazi yachukue kazi zao. Baraza halitoi amri, halitozi faini, halihukumu mirathi wala talaka, kwani hayo yana mahakama zake. Kazi yake ni kuwakutanisha watu kabla jambo halijawa kesi, na kulipeleka kwa Sheha na kwa diwani likiwa limeshajadiliwa, na si kama fununu ya mtu mmoja. Sheha mwema atalifurahia baraza kama hilo, kwa sababu litampunguzia mzigo. Na asiyelifurahia, huenda ndiye anayelihitaji zaidi.

Visiwa hivi havikosi mifano ya watu waliokaa wakaamua. Ghuba ya Menai, kusini ya Unguja, ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na tangu mwanzo ilieleweka kwamba boti za doria peke yake hazitatosha bila ya kamati za vijiji vyenyewe. Kule Pemba, katika kisiwa cha Misali, ambacho mapokeo ya wenyeji yanalihusisha jina lake na msala wa kusalia, mwishoni mwa miaka ya 1990 hifadhi iliungana na mafunzo ya dini. Wavuvi wakakumbushwa na masheikh kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, na kwamba bahari ni amana aliyokabidhiwa, hakuinunua. Sheria ya nchi ilikuwepo, lakini sheria hulala usiku pamoja na askari wake. Imani hailali. Katika miaka ya karibuni viko vijiji vya pwani, Unguja na Pemba, vilivyokubaliana kuifunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua kwa siku moja iliyojulikana na wote. Mwenye njaa leo amekubali kungoja kwa sababu alikuwamo katika kikao kilichoamua, na kwa sababu anajua jirani yake naye anangoja.

Ikiwa wavuvi wameweza kukubaliana juu ya pweza ambaye haonekani, chini ya maji yasiyo na ukuta, watu wa mji watashindwaje kukubaliana juu ya bomba na jaa la taka?

Hata hivyo, kikao nacho kina adabu zake. Ameipokea Abu Said al-Khudri (R.A.) Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wakasema hawana budi na vikao vyao hivyo wanavyozungumzia. Hakuwakataza moja kwa moja. Aliwaambia, ikiwa lazima mkae, basi ipeni njia haki yake: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mafundisho haya kana kwamba yameteremshwa mlangoni pa nyumba zetu. Baraza linalotazama wake za watu wapitao, linalosengenya, linalompigia makelele mgonjwa aliye juu ya dirisha, hilo halijaipa njia haki yake, hata likijiita kamati ya maendeleo. Na baraza linaloanza kwa kuondoa udhia, taka moja, jiwe moja, mfereji mmoja ulioziba, limeshaanza ibada kabla ya kuandika katiba.

Na tusiwasahau kina mama. Huko Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba walipolemewa na huzuni hata wakachelewa kuchinja na kunyoa kama walivyoamrishwa, ni Ummu Salama (R.A.) aliyempa Mtume (S.A.W.) rai ya kutoka bila ya kusema na mtu, achinje na anyoe yeye kwanza. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Jeshi zima lilipata faraja kwa rai ya mwanamke mmoja ndani ya hema. Ndani ya majumba yetu ni wanawake wanaokaa saa nyingi zaidi. Wao ndio wanaosikia boriti inapolia usiku na wanaoona ufa unapokua. Haitoshi kuandika majina yao katika orodha kisha kikao kikafanywa usiku, mahali wasipoweza kufika. Wapangiwe wakati unaowafaa, wapewe sehemu yao yenye staha, na wakipenda wakutane wenyewe kwanza, kisha maneno yao yasomwe mbele ya wote kama walivyoyasema.

Mji huu pia una majirani wasiokuwa Waislamu. Una makanisa Mkunazini na Shangani, una mahekalu ya Wahindu, na watu wake wamepanda ngazi pamoja miaka mingi. Haki ya jirani haikufungwa kwa dini. Mtume wetu (S.A.W.), akiwa kijana kabla ya utume, alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, baada ya mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen kudhulumiwa bidhaa zake Makka. Waliohudhuria waliapa kusimama na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano mfano wa hayo, angeitikia. Baraza la bandarini haliwezi kupata mfano bora kuliko huo: watu wenye itikadi mbalimbali, wamekutana kwa sababu mgeni amedhulumiwa kwenye mji wao.

Liko jambo jingine ambalo Wazanzibari hawana haja ya kuelezwa kwa urefu. Ni siasa za vyama. Tunajua gharama ya majirani kuacha kupeana salamu, na hata kutozikana, kwa sababu ya rangi ya bendera. Tunajua pia faraja iliyokuja na maridhiano ya mwaka 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambayo zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maridhiano ya wakubwa yana kheri, lakini hayatadumu ikiwa ngazi ya nyumba moja ina makundi mawili. Baraza la mtaa lisiwe tawi la chama chochote. Siku litakapopandisha bendera, nusu ya jahazi itakuwa imeshashuka.

Mwisho kabisa ni amana. Mabaraza mengi hayaui watu kwa ugomvi, hujiua yenyewe kwa fedha. Zikachangwa shilingi chache za kuzibua mfereji, hazikuandikwa, mtu mmoja akadhaniwa vibaya, na kikao kikavunjika. Qur'ani Tukufu, katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imetuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi, dogo na kubwa. Basi kila shilingi iandikwe, daftari liwekwe wazi, na hesabu isomwe mbele ya watu baada ya kila kazi. Mwenye kushika fedha asimame mwenyewe aombe akaguliwe, kabla hajaombwa. Huo ndio usalama wa heshima yake.

Ndugu Waislamu, hatuhitaji kungoja mradi wala mfadhili. Katika mtaa wako, Ijumaa hii baada ya Alasiri, watu saba wakae juu ya baraza moja. Wasianze kwa kuchaguana vyeo. Waanze kwa kugonga mlango wa ghorofa ya chini kabisa ya nyumba iliyo mbovu kuliko zote, watoe salamu, na waulize swali lile ambalo watu wa jahazi walisahau kuuliza: ndugu yetu, unapataje maji? Atakachowajibu ndiyo iwe ajenda ya kwanza. Likitatuliwa jambo moja, watu watakuja wenyewe kwa la pili.

Wavuvi wa mwanzo wa Shangani hawakutuachia majumba. Majumba yalikuja baadaye, na baadhi yake yameshaanguka. Walichotuachia ni desturi ya kusukuma chombo kwa pamoja, kila mmoja akishika ubavu wake, bila ya kuuliza samaki watakuwa wa nani. Tukiirejesha desturi hiyo kwa nia ya kumridhisha Allah, mji utasimama. Tukiiacha, tutaukuta mji umebaki ganda, milango ya nakshi imepigwa rangi kwa ajili ya wageni, na ndani hamna mtu wa kumtolea salamu.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitie nyoyo zetu mapenzi na huruma, atujaalie tuwe wenye kushauriana kwa haki na kutekeleza kwa uaminifu, awarehemu waliotutangulia katika mji huu, na atuhifadhie nyumba zetu na waliomo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.